Alisoma Sura ya Mwisho Bila Dao

"Usinipe mkononi, Dao. Weka kwenye kitambaa."

Mkono wa Dao ukabaki hewani na kile kitabu. Miezi mitatu hajamtia machoni mchumba wake, halafu neno la kwanza ndilo hilo! Lakini Thanet sasa alikuwa mtawa wa Kibudha, na mtawa hapokei kitu mkononi mwa mwanamke, awe nani. Akakiweka kitabu juu ya kitambaa cha manjano, roho ikimuuma.

Asubuhi Dao alipata ujumbe wa Thanet: "Njoo na mama. Usije peke yako."

Jamani, alivyofurahi! Mvua, msimu wa vijana kukaa utawani, zilikuwa zimekwisha, vijana wenzake Thanet walishavua majoho na kurudi makwao mjini Nan. Dao akajua anaitwa kupanga siku ya harusi. Akampitia Mama Buaphan, mama yake Thanet, wakaja hekaluni mbiombio. Hata shati jipya la Thanet kuvaa akitoka utawani alikuwa nalo mkobani.

"Umenenepa, Kaka Mtawa," Dao akamtania. "Wanakulisha nini humu?"

"Wali wa kunata mnaotuletea nyinyi wenyewe."

Mama Buaphan akacheka. Thanet hakucheka.

"Basi leo tumalizie," Dao akasema, akikionyesha kitabu. "Imebaki sura moja. Nimejizuia mpaka vidole vinaniwasha!"

Ilikuwa riwaya ya vijana, ya mfalme wa miaka kumi na sita aliyemuunguza mdogo wake kwa moto uliotoka mikononi mwake, akavikwa taji, usingizi ukamhama, na msichana aliyempenda akawa anamngoja. Walikuwa wakisomeana kwa simu, sura yako, sura yangu. Thanet alikuwa na mdogo wake pia, Kla, aliyefia kwenye pikipiki ambayo Thanet mwenyewe aliiendesha. Kwa hiyo, asikisome peke yake, waliwekeana ahadi, hakuna kufunua ukurasa bila mwenzako.

"Mfalme anavua taji," Thanet akasema taratibu. "Anapanda mlimani. Harudi."

"Wewe! Umejuaje?"

Thanet akakitazama kitabu pale kitambaani.

"Thanet, nakuuliza wewe. Umejuaje?"

"Nilisoma."

"Lini?"

"Siku tatu kabla sijanyolewa kuingia utawani."

Dao akaelewa: mfalme ni Thanet, na hatoki. Baba yake ndiye aliyesema haozeshi binti kwa kijana mbichi, na mbichi ni yule ambaye hajapitia utawa. Thanet alisita sana. Aliyembembeleza ni Dao, usiku na mchana: "Miezi mitatu tu, mpenzi, kwa ajili yangu." Siku ya msafara wa kumpeleka utawani, Dao ndiye aliyembebea mto wake wa kulalia barabarani, kazi ya mchumba, mji mzima ukishuhudia.

"Kwa hiyo nimebeba mto wako, watu wananipongeza, na wewe unajua hutoki?"

"Sikujua. Niliogopa tu kwamba nikiingia sitataka kutoka."

"Ungeniambia!"

"Ungelia, Dao. Nami ningebaki, nikuoe, nikuamshe kila usiku kwa makelele yangu ya ndotoni mpaka unichukie."

"Ulimuuliza nani kama nitakuchukia?" Dao sasa alikuwa akilia waziwazi. "Na yule msichana wa mfalme? Kitabu kinasemaje juu yake?"

"Hakisemi."

"Ehee! Hakisemi! Mwanamume anapanda mlimani na roho yake imetulia, yule aliyemngoja hana hata mstari mmoja!"

Thanet akainamisha kichwa.

Mama Buaphan akamsogelea kwa magoti. "Mwanangu, toka. Nimeshamzika mmoja. Nitakaa na nani mimi?"

"Mama, humu nalala," Thanet akasema. "Tangu Kla afe, nimelala humu tu. Namuota anacheka."

Mama akajifunika uso kwa ncha ya shali yake.

Dao akamtazama Thanet vizuri kwa mara ya kwanza siku hiyo. Ile mifuko myeusi chini ya macho haikuwepo. Mikono iliyokuwa ikitetemeka hata akishika kikombe ilikuwa imetulia mapajani. Alitaka kumtukana, alitaka kumvuta joho amrudishe nyumbani, na alijua Thanet angekuja. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote. Akisema neno moja tu, angekuja, na hayo macho yangerudi kule kule.

"Dao," Thanet akaita. "Sema. Ukisema nitoke, natoka leo."

"Kaa," Dao akasema. "Kaa, Luang Phi."

Luang Phi, yaani Kaka Mtawa, ndivyo wanavyoitwa watawa vijana na watu wote, na Dao hakuwahi kumwita hivyo bila utani.

Akapiga magoti, akaunganisha viganja, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Thanet alikuwa akitiririkwa na machozi bila kusogea, kwani mtawa harudishi salamu ya namna hiyo. Mara ya tatu Dao akainama na hakuinuka. Mama Buaphan ndiye aliyemshika mabega, akamnyanyua, wakatoka wote wawili.