Bomba la Tukutuku Lilikuwa Baridi

Jioni ile nilitumwa chumvi tu.

Mvua ilikuwa imekatika, ukungu unapanda kutoka bondeni kama kawaida yake pale Bihambwe, na mama akasema maharage yako motoni lakini chumvi imekwisha. Shangazi yangu Rosalie alikaa mlima wa pili: unashuka, unavuka kijito, unapanda. Njia hiyo niliijua tangu nilipoanza kutembea. Na katika safari zote za kwenda kuomba chumvi, hakuna mtu aliyewahi kunipaka siagi ya ng'ombe kwanza.

Siku ile mama alinipaka. Mikono, shingo, miguu. Nikamuuliza kuna nini.

Akasema iko baridi.

Nilikuwa nimemaliza shule ya masista, nasubiri mavuno yaishe ili baba anipeleke kusomea ualimu. Aliniahidi mbele ya mchungaji. Nilijiona msichana mwenye akili, na sikuona kitu.

Lazima kwanza niseme habari ya tukutuku, maana bila hiyo hamtamwelewa baba yangu, na mimi mtanielewa nusu. Ndivyo tulivyoita pikipiki miaka ile, mwanzoni mwa hamsini, kwa kuifuatisha sauti yake. Baba, Nzabonimpa, alikuwa mkulima wa maharage na mzee wa kanisa, lakini ujana wake aliumaliza akifungua na kuosha pikipiki za mlowezi mmoja, na moyo wake ulibaki hukohuko. Milima yetu huleta sauti kabla ya chombo. Tukiwa shambani, mimi na yeye, tulisimamisha majembe tukasikiliza. Yeye anasema hiyo ya padri. Mimi nabisha: ya agronome, bwana shamba wa serikali; padri anaogopa kona. Mara nyingi nilishinda mimi. Nikiwa mdogo niliegemea bomba la moshi la pikipiki ya padri, likaniunguza shavu la mguu. Baba alicheka, akasema sasa nimebatizwa. Kovu lile nilijivunia kuliko hereni.

Alizopenda ni zile za kabla ya vita. Tangi jembamba, taa kubwa ya mviringo, tandiko la ngozi linalokalia springi. Mpya alizidharau, alisema zimetengenezwa na watu wenye haraka. Ugonjwa huo nimeurithi mzimamzima, na sitafuti dawa.

Basi fikirieni siku aliyofika Damascène.

Alitokea upande wa Walikale, jua likizama, juu ya tukutuku nyeusi yenye mistari ya dhahabu kwenye tangi. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja, ingawa aina ile iliacha kutengenezwa nikiwa bado mgongoni mwa mama. Alisema ni fundi wa Mpofi. Kijana mtulivu, koti limefungwa mpaka kidevuni, anaongea kwa kunong'ona kama mwenye koo bovu. Akaja jioni nyingine, na nyingine. Hakushuka kwenye tandiko. Alikataa chakula, alikataa kasiksi, na mzee wetu wa kanisa akaona kwamba pombe ya ndizi kuikataa ni uchaji wa Mungu. Baba mwenyewe alipiga magoti matopeni mbele ya ile mashine akigusa kila skrubu. Baadaye nilimuuliza macho ya yule mtu yalikuwaje.

Hakujua. Hakuwa ameyaangalia.

Jioni ya chumvi nilipotoka na kibakuli, walikuwa uani wote wawili. Baba akasema Damascène anapita kwa shangazi. Nipande nyuma, nitarudi mbele ya giza. Nilikuwa nimeliota lile tandiko la nyuma tangu jioni ya kwanza. Sikusubiri kuambiwa mara mbili.

Mama akatoka ndani, alikomwacha mdogo wangu Béata amelala. Alishika kitenge kipya. Akanifunika kichwa na uso, nikabaki naona miguu yangu tu na matope. Eti ukungu utaniumiza kifua.

"Kaa upande," baba akasema. "Kama mama wa heshima."

Tukaenda.

Tuku... tuku... tuku...

Mwanzoni nilifurahi kijinga. Kisha nikaanza kusikiliza, kwa sababu ndivyo nilivyofunzwa. Tulishuka, tukavuka kijito, tukaanza kupanda. Moteri ikipanda hulalamika. Hata ya padri, yenye nguvu, hulalamika. Hii haikulalamika. Sauti ilikuwa ileile, taratibu, kama mtu anayegonga mlango bila haraka kwa sababu anajua kuna watu ndani.

Nikavuta pumzi nitafute harufu ya esansi, mafuta ya moteri.

Hakukuwa na esansi. Kulikuwa na harufu ya siagi, ambayo ilikuwa yangu. Na nyingine... ya udongo uliotoka kuchimbwa.

Chini ya ukingo wa kitenge niliona jiwe jeupe la njiapanda ya kwa shangazi. Likapita.

"Kaka Damascène, tumepita njia."

Hakupunguza mwendo.

Kwenye kona chombo kikalala, mguu wangu ukateleza na siagi, shavu la mguu likakaa juu ya bomba la moshi. Palepale penye kovu. Nikauma meno kusubiri moto.

Lilikuwa baridi.

Si vuguvugu. Baridi kama jiwe la kijitoni.

Hapo akili yangu ya masista ikaamka, imechelewa lakini imeamka. Siagi. Kitenge kipya usoni. Kukaa upande. Nilikuwa nimeona maharusi wa kutosha milimani kwetu: hupakwa, hufunikwa, hubebwa kwenye tipoyi mabegani mwa wanaume ili wasione njia ya kurudi. Kwangu ilikosekana tipoyi tu.

Kumbe nilikuwa nimeikalia.

Sikulia. Niliinama, nikapapasa chini ya tangi mpaka kwenye robine, koki ya esansi, nikaifunga. Mtoto wa Nzabonimpa anajua kuzima moteri gizani. Itakohoa, itakufa, nitaruka.

Tuku... tuku... tuku...

Nikashuka zaidi, nikaukamata waya wa buji unaoleta cheche, nikauvuta mpaka ukang'oka ukabaki mkononi.

Tuku... tuku... tuku...

"Unanipeleka wapi?" nikauliza. Sauti yangu mwenyewe ilikuwa imegeuka mnong'ono.

"Nyumbani."

"Kwetu iko nyuma."

"Kwenu walikula mahari. Nilisema nitaleta ngombe, Papa yako akakatala. Akasema anataka hii tukutuku. Nikikufikisha, itarudi kwake yenyewe."

"Anajua wewe ni nani?"

"Hakuuliza."

Ukungu ulikuwa mzito sasa, unaingia chini ya kitenge kama maji. Yule mtu hakugeuka. Nilisikia anatafuta maneno, na niseme kweli, alionekana kunihurumia kuliko walionizaa.

"Mama yako, yeye njo aliuliza," akasema. "Nilimwambia."

Kitu fulani ndani yangu kilikaa chini siku ile, na hakijasimama vizuri mpaka leo. Nikashika ncha ya kitenge, sijui kwa nini, labda nipanguse macho.

"Hapana funua." Mnong'ono ulibadilika. "Mama yako amekufunika. Mbele ya kufika, hapana funua."

Mimi sina kipaji cha kutii.

Nikakivua. Mbele yangu lilikuwa koti. Juu ya ukosi wake, palipotakiwa kuwa na kisogo, nikaona barabara.

Nikalirushia kitenge lile koti. Kikaanguka chote, polepole, mpaka kwenye tandiko. Ndani hapakuwa na kitu cha kukizuia.

Tuku... tu

Nilijikuta nimekaa kwenye majani ya ukingoni, penye kona ya barabara. Bado kulikuwa na mwanga kidogo upande wa magharibi. Mbele yangu ilisimama tukutuku iliyoliwa na kutu, mnyororo umeganda, majani ya porini yameota katikati ya magurudumu, yamejifunga humo kwa muda mrefu. Kitenge kilikuwa juu ya tandiko, kipya, bado kinanuka duka.

Nikarudi kwa miguu. Nilipofika, maharage yalikuwa yameungua. Baba alikuwa uani na taa. Aliinua taa, akaniangalia, akaangalia nyuma yangu barabarani, akanirudia.

"Tukutuku iko wapi?" akauliza.

Ndilo swali alilouliza. Nimempa miaka mingi ya nafasi, katika kumbukumbu zangu, aulize lingine kwanza. Hajauliza.

Asubuhi alikwenda na majirani wakaibeba mabegani mpaka nyumbani. Akaiweka kwenye banda la mbuzi, akaanza kuisugua kwa majivu na mafuta, akiimba nyimbo za kanisa. Kutu ikatoka. Mistari ya dhahabu ikaonekana. Nilimwomba airudishe kwenye ile kona. Kwetu jambo hili linajulikana na kila mtoto: mke akirudi kwa wazazi, mahari inarudishwa. Isiporudishwa, bado ni mke wa mtu. Baba alisema mambo ya mizimu ni ushenzi, mzee wa kanisa hawezi kuyasikiliza. Kisha akatabasamu, kitambaa mkononi.

"Wewe njo umerudi," akasema. "Sasa yote mbili iko yangu."

Mama nilimsubiri aseme mwenyewe. Alisema siku nyingi baadaye, anachambua maharage, bila kuinua macho.

"Alisema kama si wewe, ni Béata."

Béata aliishi, akazaa, akazeeka, na nampenda, na kuna siku siwezi kumtazama.

Mfanyabiashara mmoja wa Mpofi alipopita kwetu alisema Damascène alikuwepo kweli: fundi aliyetumbukia akafa kwenye kona ile na pikipiki ya bwana wake kabla ya vita, bado hajaoa. Wengine walisema huyo alikuwa tapeli wa kuiba wasichana, akatoroka ukunguni, nami nikajazia yaliyobaki kwa hofu. Nimesoma falsafa chuoni Kisangani. Ningeichagua ile ya pili kwa furaha, isingekuwa banda la mbuzi.

Baba hakuwahi kupata esansi ya kuiwasha ile mashine. Waya wa buji ulikuwa bado kwangu, nimeuficha. Lakini asubuhi magurudumu yalikuwa na matope meusi ya msituni, kama yale ya njia ya Itebero, upande wa Walikale. Kwetu udongo ni mwekundu. Na nilipoligusa bomba la moshi...

Lilikuwa la moto.

Jioni moja baba alikaa juu ya tandiko, kukaa tu, na tulipogeuka banda lilikuwa tupu. Majirani walimkuta kwenye kona ile, ameketi chini, mzima, mikono myeusi ya grisi. Tukutuku haikuonekana tena. Alilia kama mfiwa. Nilipiga magoti mbele yake nikamuuliza jambo moja: aliirudisha, au alinyang'anywa? Maana hayo si kitu kimoja. Mahari iliyorudishwa imekwisha. Mahari iliyonyang'anywa bado inadaiwa.

Baba alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu. Akafa miaka mingi baadaye, hajanijibu.

Niliukosa ualimu mwaka ule, nikaupata mwingine, nikaendelea mpaka chuo. Sikuolewa. Pikipiki za zamani nimekuwa nazo maisha yangu yote, nazifungua na kuzifunga mwenyewe, na kila moja naing'oa tandiko la nyuma. Watu wananiuliza kwa nini naharibu vitu vizuri. Nawaambia ndivyo zilivyokuwa zamani, wanaamini.

Miguu yangu pia wanaiuliza. Wanahesabu makovu kwenye shavu la mguu, moja juu ya jingine, wanacheka kwamba bibi mzima hajajifunza kukaa mbali na bomba. Nawaacha wacheke. Jioni, ukungu ukishuka na moteri yangu ikipanda mlima bila kulalamika, nasogeza mguu ndani, polepole, mpaka ngozi iguse chuma cha bomba.

Mpaka sasa kimekuwa kikiunguza.