Nyumba ya Thelathini na Nane

Tableti ilikuwa imezimwa tangu Ijumaa, imefungiwa ndani ya kabati. Sasa niambie: Jumatatu asubuhi, kabla karani yeyote hajatia mguu nje ya ofisi pale Voi, nani aliyeijaza fomu ya nyumba ya thelathini na nane?

Ruweida, karani aliyepewa tableti hiyo, aliisoma mara mbili. Maji ya kunywa: hakuna. Hali ya mtoto: ana kiu.

Kazi yenyewe wasomi huieleza kwa semina ya siku tatu, chai juu. Mimi sikuchukulii hata dakika. Shirika liligawa matangi ya maji Mraru, likataka kujua kama watoto wamepunguza kuugua. Ukiwauliza waliopata peke yao umejidanganya. Mvua ikinyesha vizuri kila mtu anapata nafuu, utajuaje ni tangi? Na kura ya kubahatisha haikupigwa, kamati ilishachagua watu wake. Basi kila nyumba ya Mraru inatafutiwa pacha kule Marungu, inayofanana nayo kwa kila kitu ila haikupewa tangi. Unazipima zote mbili mwanzo, unazipima tena baadaye, unaona ipi imesonga zaidi. Kwisha.

Ruweida, binti wa mjini na viatu vyake vyeupe, alikosa pacha mmoja tu. Ilikuwa saa saba mchana, jua linachoma, na mwenye boda amegoma kwenda mbele kwa sababu ndovu wamevuka. Akakaa juu ya jiwe, akaitunga nyumba hiyo ya thelathini na nane. Usimcheke, na wewe ungetunga. Mama mmoja, Wayua. Bibi mmoja. Binti wa miaka sita. Tarehe ya kuzaliwa akaweka ya Nasiha, mwanawe, maana ndiyo iliyomjia haraka. Tangi: hakuna.

Jumatatu hiyo, aliporudi nyumbani, Nasiha alikuwa amemaliza jagi zima la maji na analia anataka jingine.

"Mama, koo linaniungua."

"Huyu mtoto ananuka vumbi," alinong'ona Bi Salme, mamake Ruweida. "Mdomoni, wallahi. Vumbi la jua kali."

Jumatano fomu ikajijaza tena: midomo imepasuka. Ruweida akakimbia nyumbani, akaikuta midomo ya Nasiha inatoka damu. Alhamisi: haongei. Na Nasiha hakuongea.

Akamwendea Festus, msimamizi wake.

"Festus, nakuomba. Itoe hiyo nyumba."

"Eti kwa sababu mtoto wao mgonjwa? Tukitoa wagonjwa tukabakisha wazima, si tutakuwa tunajipikia majibu?"

"Hakuna nyumba pale! Niliitunga!"

Festus akamkodolea macho. "Kumbe tumeajiri mtunzi wa riwaya," alisema, ila hakucheka. Akaifuta mbele yake. Kabla hajaondoa kidole kwenye kioo, fomu ilikuwa imerudi, na mstari mpya chini: mtoto hatafika Jumamosi.

Ijumaa baada ya swala ya alfajiri akaitwa Ustadh Badawy. Akaandika kombe, aya za kinga kwa wino wa zafarani, akayaosha maandishi kwa maji ndani ya kikombe, akampelekea mtoto mdomoni. Kikombe kikavu. Akajaza upya. Kikavu.

"Bi Ruweida," alisema, "huyu aliyemjia mtoto hakuvamia. Amekaribishwa, akaandikiwa nyumba. Aliyemwandikia ndiye amtoe."

Saa saba mchana Ruweida alikuwa Marungu, anakwenda kwa miguu, jua liko utosini na kivuli chake hakionekani, na mbele yake, pale palipokuwa na jiwe tu, pamesimama kibanda cha udongo, na ndani ya kibanda kuna kitu kinakwangua chini ya sufuria tupu, kwaru, kwaru, kama mtu anayechota maji yasiyokuwepo, na kila alipotaka kugeuka akamkumbuka Nasiha na midomo yake, akapiga hatua nyingine, mpaka sauti ya kukwangua ikakoma na mwanamke aliyempa mgongo akasema, kwa sauti ya Ruweida mwenyewe:

"Karibu, karani. Kaa. Leo nahoji mimi."

"Nisamehe, dada. Nitakuletea maji, nitaleta tangi..."

"Wenzetu wa Mraru wakapewa. Sisi ukatuandika tukae na kiu. Jina?"

"Ruweida."

"Maji?"

"Tuna mfereji."

"Watoto wangapi?"

Alifungua mdomo aseme mmoja, ndipo akaona kitanda kidogo pembeni, kimetandikwa shuka safi, hakijalaliwa bado, na akaelewa kwamba lolote atakalolitaja litaandikwa na lolote litakaloandikwa litachukuliwa.

"Watoto wangapi?"

"Sina."

"Una hakika? Hili halifutiki."

"Sina mtoto," alisema Ruweida, machozi yanamtiririka hadi kidevuni. "Sijazaa. Sina hata mmoja."

Kalamu ikakwaruza. Upepo ukapita. Palikuwa na jiwe tu.

Alirudi Voi mbio, akasikia kicheko cha Nasiha tangu langoni. Mtoto alikuwa uani na bakuli la uji, midomo myororo, macho maangavu.

"Mama!" Nasiha alipiga kelele, akaja anakimbia.

Ruweida akapiga magoti, akanyoosha mikono. Mtoto akampita, akaenda kumkumbatia Bi Salme miguuni.

"Mama! Dada Ruweida amerudi!"

"Mbona walia, mwanangu?" Bi Salme akamuuliza Ruweida, anatabasamu. "Mdogo wako si amepona?"