Wote Tunaokaa Humu

Kwanza zilikuwa nywele. Mshonaji alifagia chumba asubuhi, na kabla hajaweka ufagio chini akakuta nywele sakafuni, ndefu, nyeupe, zinachuruzika maji, ilhali yeye na mumewe wote wamenyoa. Akajiambia ni uchovu. Uchovu gani, jamani, unaoota nywele?

Kisha ikaja harufu ya manyoya yanayoungua, na nyuma ya kabati pumzi nzito, za mtu aliyetoka kupanda ngazi.

Habari zilipofika kwamba mama yake ameanguka bafuni na hana wa kumgeuza kitandani, hakungoja kuambiwa mara mbili. Mkataba ulikuwa bado na miezi saba, na mwenye nyumba alikuwa mbishi wa kugombea hata msumari ukutani. Lakini siku hiyo, loo, alikuwa mpole kama mkwe mgeni!

"Pole sana, mwanangu. Mama ni mama. Niandikie barua tu, nitasaini."

"Niandike nini, mzee?"

"Andika: mimi na wote tunaokaa humu tunahama pamoja, habaki hata mmoja." Akashusha sauti. "Halafu isome. Kwa nguvu. Macho yangu yamechoka."

Maskini, akasoma. Akili yote ilikuwa kwa mama. Alipofika pale pa "habaki hata mmoja", zile pumzi nyuma ya kabati, zilizokuwa zikienda na kurudi tangu asubuhi, zikakatika, na harufu ikamjia puani ghafla, ikamzunguka shingo, ikamtulia begani kwa uzito wa mkono, na mzee yule, bila kumtazama usoni, akasaini haraka haraka na kurudi kinyumenyume hadi mlangoni.

"Nendeni salama," akasema akiwa nje tayari.

Jioni walifika kwa mama. Mume akabaki uani kushusha mizigo. Mshonaji akakimbilia chumbani. Mama alikuwa amelala chali, macho wazi. Binti akapiga magoti, akalia kwa furaha ya kumkuta hai.

"Nimekuja, mama. Nitakuuguza mwenyewe. Siondoki tena."

Mama hakumgeukia. Alikuwa akitazama juu ya kifua chake mwenyewe, akivuta hewa kidogo kidogo.

"Mwanangu," akanong'ona, "mwambie mwenzako ashuke. Ananilemea."