Namba za Digrii Mia Nne

Profesa alikutwa amekufa, amelala kifudifudi sakafuni mwa maabara, miwani ingali masikioni. Pembeni yake, mtungi mnene wa chuma ulikuwa umepasuka vipande vipande.

Inspekta alikizunguka chumba mara tatu. Miguu ilikataa kutulia. Kila aliposimama, roho ilimwambia ajali hii imepikwa.

"Mtungi huu wa nini?" alimuuliza fundi wa maabara.

"Tunatia maji ya chumvi, tunayachemsha kwa presha kubwa, halafu tunapima umeme unavyopita ndani yake."

"Presha ikizidi?"

"Vali ya usalama inafunguka yenyewe, afande." Fundi aliinua kipande cha chuma, akakigeuza, uso ukamparara. "Lakini hii imezibwa kwa bolti. Haki ya Mungu, si mkono wangu!"

Bolti ilipelekwa kuchunguzwa alama za vidole. Inspekta akachukua daftari la vipimo na karatasi za mashine inayorekodi joto. Akavilinganisha huku akitafuna kalamu. Daftari lilitaja digrii mia nne. Karatasi, kwa miezi sita, hazikuwahi kuvuka mia tatu.

"Mwandiko wa nani huu?"

"Wa msaidizi wake."

Mchana msaidizi, mwanamke mwembamba wa makamo, alikaa mbele yake kituoni akisokota ncha ya mtandio.

"Digrii mia nne mlipimia wapi, mama? Jikoni?"

Msaidizi aliinamia mtandio, akazidi kuusokota.

"Bolti ina alama za vidole vyako."

Mtandio ukamponyoka.

"Kila nilipokaribia mia tatu nyaya za kupimia zilikatika, nikazima. Naye Profesa mwezi ujao anastaafu, kila siku ananiuliza, 'Tumefika?' Nikamwandikia alichotamani kukiona. Akawasomea wageni huku machozi ya furaha yakimtoka. Jana akasema namba zimenyooka mno, leo saa nne tupime upya pamoja."

"Ukaamua kumuua."

"Yeye? Hapana! Nilitaka mtungi ufe, pasiwe na cha kupimia. Niliuwasha alfajiri, nikafunga mlango. Hakuna anayeingia kabla ya saa tatu."

"Yeye aliingia saa moja."

"Kwa nini? Alifuata nini?"

Inspekta aliinuka, akaenda dirishani, akarudi. Asubuhi ile alikuwa ameongea na mjane.

"Mkewe anasema mumewe hakulala. Alitangulia kutafuta hitilafu kwenye mtungi kabla hujafika. Alimwambia mkewe, 'Yule binti hawezi kukosea.'"

Mwanamke aliuokota mtandio, akajifunika uso.