Mateke Matatu ya Ivyne

Philister wa hapa plotini kwetu Riruta si mtu wa porojo, ndiyo maana kisa chake kinatutia baridi. Jumamosi hiyo alikwenda mjini kuchukua fulana za darasa lao, wale waliomaliza shule pamoja miaka ishirini iliyopita. Wangekutana Kilimani saa kumi. Alipofika nyumbani akajilaza kidogo, na Veronicah, mwenzao wa darasa, akampigia simu.

“Phili, usilale! Siku hizi Ivyne hayuko wa kukuamsha.”

Kule bwenini, enzi za shule, Ivyne alilala kitanda cha chini na Philister cha juu. Kila alfajiri Ivyne alilipiga godoro la mwenzake mateke matatu kutoka chini: du, du, du. Alizikwa Januari, kwao Busia. Philister hakwenda, alisema ana kazi.

Wingu likatanda, stima zikapotea, usingizi ukamwiba. Gizani akasikia mgongoni: du, du, du.

“Nimeamka, Ivy,” akajibu, kama zamani.

Akashusha mguu kutafuta ngazi ya kitanda, ukagusa simiti. Tangu ahamie Riruta hajanunua kitanda. Godoro lake liko sakafuni, na chini yake hapapiti hata karatasi.