Maji ya Kusuuzia

"Mzigo unatoka leo. Zuia!"

Sauti ya Mkuu ikakatika redioni. Jasusi aitwaye Wembe akaichomeka bastola yake ya Beretta kiunoni, akapanda ngazi za maabara mbilimbili.

Mzigo wenyewe ulikuwa jasho la mkewe la miaka sita. Mkemia huyo alichanganya dawa ya kutuliza akili na chumvi ya majimaji yenye tabia ya sabuni. Chembe za viwili hivyo hushikana, zikawa vitonge visivyoonekana kwa macho, tayari kuibeba dawa mwilini. Hata ukivizimua kwa maji, havivunjiki upesi. Kampuni moja ya ng'ambo ilitaka kuviiba na kujidai ni vyake.

Chupa zote zilikuwa kabatini, zimefungwa kwa kufuli. Walinzi walipekua kila mfuko, wakaambulia patupu.

Wembe alimjua mwizi.

Alimjua na kumchukia. Mtanashati, msaidizi wa mkewe, shati halijui mkunjo. Kila siku saa kumi jioni alimwoshea mama wa watu chupa zake za kazi. Amwoshee yeye kama nani? Wivu ulimwandama Wembe tangu siku ya kwanza alipoliona jambo hilo kwa darubini, kutoka jengo la pili.

Lakini jicho la wivu halisinzii. Mtanashati hakutumia sabuni hata siku moja. Na maji ya kusuuzia hakuyamwaga. Aliyatia kwenye chupa yake ya chai.

Teke moja. Mlango chini.

"Weka hiyo chupa mezani, kaka."

"Chai tu hii, mzee."

"Basi kunywa tuone."

Mtanashati akachupa kuelekea dirishani. Wembe akamtia ngwala, pingu zikalia.

Mkewe, aliyekuja mbio kwa kishindo cha mlango, alimimina yale maji kwenye glasi, akayamulika kwa kalamu ya leza. Mstari mwekundu ukakatiza ndani yake. Maji matupu yasingeuonyesha.

"Vitonge vyangu!" Machozi yalimtoka. "Mume wangu, umeniokoa. Ulijuaje?"

"Wiki tatu namwona anavyokuoshea chupa."

Mkewe akaacha kulia.

"Amri umepewa lini?"

"Leo mchana."

"Hizo wiki tatu ulikuwa unampeleleza nani?"

Wembe aliona haya mpaka masikioni. Redio ikamwokoa.

"Wembe, taarifa!"

"Mzigo salama, Mkuu. Mwizi ninaye."

"Safi! Ulimgunduaje?"

"Uzoefu tu, Mkuu."

Mkewe alimwangalia kwa utulivu wa kutisha. "Bwana Uzoefu, leo kalale kwa mama yako."

Wembe akavaa miwani yake myeusi ya Ray-Ban, akamsukuma Mtanashati mbele, akashuka ngazi polepole. Walinzi wa chini waliapa hawajawahi kuona mwanamume asiye na wasiwasi namna ile.