Sufu ya Kondoo Aliyekufa Ghafla

Nyumba yetu inanuka kondoo. Sisi tumezoea, hatusikii tena. Mgeni akiingia utamwona anavuta pumzi mara moja, kisha anajitia hamnazo na kusifia mapazia.

Harufu hiyo ni ya sufu. Mama mkwe wangu anasokota uzi wa sufu kwa mkono, na mimi ndiye msaidizi wake. Mume wangu ni dereva wa lori. Hukaa nyumbani siku mbili kwa wiki. Siku nyingine tano tunabaki mimi, mama mkwe na magunia.

Macho ya mama mkwe yamepungua nguvu. Nikisimama mlangoni bila kusema neno, hanitambui. Lakini mpe sufu mkononi. Atakwambia kama imetoka mgongoni mwa kondoo au tumboni, na kama aliyeikata alikuwa na haraka. Mwanzoni nilidhani anapiga chuku. Nikamjaribu mara tatu. Mara zote alipatia, na mara ya tatu akaniuliza kama sina kazi ya kufanya.

Kazi yetu huanzia uani. Tunatandaza sufu juu ya turubai na kutoa kinyesi na miiba. Kisha tunailoweka katika maji ya moto yenye sabuni ili mafuta yake yatoke. Hapo ndipo wanaojifunza huharibu. Ukiifikicha kama nguo, sufu hushikana ikawa bonge, na bonge halisokotwi. Unaibonyeza taratibu tu, basi. Maji ya kusuuzia nayo yawe na joto lile lile. Ikikauka tunaichambua kwa vidole, halafu tunaichana kwa vibao viwili vyenye meno ya waya, mpaka nyuzi zilale upande mmoja. Mwisho mama mkwe anachukua kijiti chake cha kusokotea, anakizungusha, anavuta sufu kidogo kidogo, na uzi unatoka.

Nyumba ilikuwa na sheria moja.

"Sufu ya mzoga haiingii kwangu," mama mkwe alikuwa akisema. "Ikatwe kwa kondoo aliye hai, amesimama kwa miguu yake minne."

"Kwa nini, mama?"

"Mama yangu alikataza."

Maelezo yake yaliishia hapo. Niliuliza mara mbili, nikachoka.

Mwaka ule wifi yangu alikuwa na mimba ya kwanza. Mama mkwe alitaka kumfumia mjukuu blanketi. Tulikuwa hatujafika hata nusu, sufu ikatuishia. Wafugaji wote walisema kondoo wao bado hawajafikia kunyolewa. Mama mkwe akawa anakaa kibarazani mikono mitupu, anasugua magoti. Kumtazama tu kulinikosesha raha.

Asubuhi moja jirani yetu mfugaji aliniita kwenye uzio. Tunamwita Kofia, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona kichwa chake. Alikuwa na gunia.

"Shemeji, chukua sufu hii."

"Umenyoa?"

"Sikunyoa. Yule dume wangu mkubwa amekufa juzi. Jioni alikula vizuri, asubuhi nikamkuta amelala. Sufu imeachia yenyewe, nimeinyofoa kwa mkono."

"Amekufa na nini?"

"Nyoka, labda. Damu ilikuwa inamtoka puani. Mzoga nimeutupa bondeni. Chukua tu, sitaki kitu."

Nilifungua gunia. Sufu ilikuwa nyeupe, ndefu, laini. Sheria ya nyumba niliijua vizuri sana. Lakini nilimfikiria mtoto anayekuja, nikamfikiria mama mkwe na magoti yake. Nikalibeba gunia.

Mama mkwe alitia mkono ndani, akasugua ncha za sufu kwa vidole viwili. Akasugua tena.

"Hii imekatwa?"

"Imekatwa, mama."

"Mbona ncha zake hazina mkato? Na hiki kama kijiganda cha ngozi ni nini?"

"Mkasi ulikuwa butu, mama."

"Kondoo alikuwa mzima?"

"Mzima kabisa."

Kisha akasema, "Haya, chemsha maji." Aliamini maneno yangu kuliko vidole vyake. Hilo linaniuma mpaka leo.

Tuliosha, tukaanika, tukachambua. Siku ya kuchana, kibao kilimteleza na meno ya waya yakamkwaruza kwenye kifundo cha mkono. Alifuta damu kwa khanga akaendelea. Vumbi la sufu lilikuwa limejaa chumbani, maana tulifunga dirisha ili upepo usiipeperushe.

Baada ya siku tatu palitokea kipele pale kwenye mkwaruzo.

"Mbu," alisema, huku akijikuna.

Kipele kikawa lengelenge. Lengelenge likapasuka, likaacha kidonda chenye weusi katikati, kama kipande cha mkaa. Pembeni mkono ulikuwa umevimba.

"Twende hospitali, mama."

"Kwa kidonda kisichouma? Watanicheka. Niletee sufu."

Kweli hakikumuuma. Hilo ndilo lililonitisha. Mimi ni mwoga tangu utotoni, na kidonda kibaya kisichouma sikuwahi kukiona.

Siku iliyofuata Kofia aliniita tena kwenye uzio. Safari hii hakuwa na gunia.

"Shemeji, wengine wawili wamekufa. Hivi hivi, ghafla, na damu puani. Nyoka gani huyu?"

Niligeuka nikatazama ndani. Mama mkwe alikuwa amekaa na kijiti chake, sufu ya gunia lile mapajani, kidonda cheusi mkononi. Nilijua kuna kitu kibaya katika sufu ile, na niliyekiingiza ndani ni mimi. Hata hivyo sikusema. Nilisema moyoni kwamba nitasema kesho.

Kesho yake aliamka ana homa. Mkono ulikuwa umevimba mpaka kwenye kiwiko. Sikumuuliza tena. Nilimvisha viatu, nikamshika mkono wa pili, tukaenda.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya upole. Alikitazama kidonda kwa muda mrefu.

"Bibi, umechinja mnyama siku hizi? Au umeshika mnyama mgonjwa, au aliyekufa?"

"Hapana, mjukuu wangu. Mimi nashika sufu tu."

"Sufu ya wapi?"

"Ya kondoo mzima. Mkwe wangu huyu aliileta mwenyewe. Muulize. Huyu hana uongo."

Daktari alinitazama. Nilitazama sakafu.

"Basi huenda ni buibui," daktari alisema. "Nitakupa dawa ya kupaka. Urudi baada ya wiki."

Akavuta karatasi, akaanza kuandika. Nilisikia kalamu inavyokwaruza. Mama mkwe alikuwa ameanza kuinuka, anatafuta fimbo yake. Nikisema, atajua nilimdanganya mbele ya uso wake, ndani ya nyumba yake. Nisiposema, tutarudi nyumbani na dawa ya kupaka.

"Daktari, subiri."

Kalamu ikasimama.

"Sufu ile haikukatwa. Jirani aliinyofoa kwa kondoo wake aliyekufa ghafla. Damu ilimtoka puani. Wengine wawili wamekufa baada yake. Nilimdanganya mama."

Daktari aliichana ile karatasi katikati, akamwita nesi.

"Nadhani ni kimeta," aliniambia huku akivaa glavu. "Ugonjwa huu hutoka kwa wanyama. Vijidudu vyake hukaa kwenye damu, nyama, ngozi na hata sufu ya mnyama aliyekufa. Huingia kwa watu kupitia mkwaruzo. Ukivuta vumbi lake, huingia kifuani, na hapo hatari ni kubwa zaidi. Ukila nyama yake, huingia tumboni."

"Atakufa?"

"Tungemrudisha nyumbani na dawa ya kupaka, angeweza kufa. Sasa tunachukua vipimo, na dawa tunaanza leo hii bila kusubiri majibu. Wanaowahi dawa wengi hupona. Wewe pia uliishika, utapewa vidonge. Na jirani yako aje leo."

Walimlaza, wakamtundikia dripu. Nilikaa pembeni ya kitanda. Mama mkwe aligeuzia uso ukutani. Nilimwita mara moja, hakuitika. Sikumwita tena.

Hospitali ilimpigia bwana mifugo. Nilipofika nyumbani mchana nilimkuta uani kwetu, amevaa buti, glavu na barakoa, Kofia yuko mbele yake.

"Na kama sufu ingefuliwa tena kwa maji yanayochemka?" Kofia aliuliza.

"Usijidanganye. Kufua nyumbani hakuviui vijidudu hivi. Vina ganda gumu. Udongoni vinakaa miaka na miaka, vinasubiri kondoo mwingine aje kula nyasi."

"Sasa mnyama akifa nifanye nini?"

"Akifa ghafla, hasa ukiona damu puani, mdomoni au nyuma, usimguse. Usimchune, usimpasue, usimnyofoe sufu, usile nyama yake, usimtupe bondeni. Zuia watu na mbwa wasimkaribie, kisha niite. Na kondoo wako hawakuchanjwa, sivyo?"

Kofia aliinamisha kichwa. "Chanjo nilisema nitafanya mwakani."

Mizoga ilichomwa moto, na majivu yake yakafukiwa kwenye shimo refu, bwana mifugo akisimamia mwenyewe. Kisha akaingia chumbani kwetu na wenzake wawili. Walichukua sufu yote, uzi wote, na lile nusu blanketi. Walichukua vibao vya kuchania. Chumba wakakinyunyizia dawa. Kofia naye alivuliwa kofia yake, maana ndiyo aliyoivaa akinyofoa, ikatiwa motoni. Ndipo tukamwona ana upara, lakini hakuna aliyekuwa na moyo wa kucheka.

Mwisho bwana mifugo alishika kijiti cha kusokotea.

"Hicho ni cha mama mkwe," nilisema. "Anacho tangu ujana."

"Pole, dada. Mti hunyonya vijidudu. Siwezi kukiacha."

Siku mbili mama mkwe hakuniambia neno. Nilimpelekea uji, akanywa. Nilimpangusa uso, akakubali. Kila asubuhi nilitembea kwenda wodini nikiogopa kukuta kitanda kitupu. Siku ya tatu homa ilishuka. Uvimbe ulianza kushuka nao.

"Kijiti changu?" aliuliza ghafla.

"Kimechomwa, mama."

Alisugua vidole viwili, kama anayepima sufu.

"Na wewe unameza vidonge?"

"Ndiyo, mama."

"Meza vyote. Usiache hata kimoja ati kwa sababu unajisikia vizuri."

"Mama, nisamehe."

"Nimekasirika, na bado nitakasirika siku kadhaa. Niache nimalize." Akavuta shuka. "Lakini na mimi nina langu. Nilikukataza, sikukueleza. Sababu yenyewe sikuijua. Ningesema kuna ugonjwa, ungeliacha gunia pale pale kwenye uzio."

Alikaa hospitali siku kumi. Kigaga cheusi kilichukua wiki kadhaa kudondoka, kikaacha kovu. Mimi na Kofia hatukuugua. Kondoo wake waliobaki walichanjwa wote, na sasa kila mwaka yeye ndiye wa kwanza kumpigia bwana mifugo.

Kazi tulianza upya, kwa namna nyingine. Siku hizi sufu hatuipokei kabla sijaenda kumwona kondoo mwenyewe, yuko hai, amechanjwa. Kuchambua na kuchana tunafanyia uani penye hewa, tumejifunga vitambaa puani. Mwenye mkwaruzo mkononi anaufunika au anavaa glavu. Tukimaliza tunanawa kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko. Mume wangu alimchongea mama yake kijiti kipya. Wiki ya kwanza alikitukana, wiki ya pili akakizoea.

Blanketi lilikamilika mtoto akiwa na miezi minne. Wifi yangu alikuja kulichukua. Mama yake alikuwa amemwambia aliugua mkono, basi. Wifi alimfunika mtoto, akacheka.

"Mama, yaani miezi yote hii? Mtoto nusura aote meno!"

Mama mkwe hakuinua uso.

"Sufu ilichelewa," alisema, akaendelea kusokota.

Ningeweza kuliacha lipite. Mama mkwe mwenyewe alikuwa amenisitiri. Lakini wifi yangu anaishi na wafugaji, na huenda kesho mtu atampa gunia.

"Hapana, wifi," nilisema. "Haikuchelewa. Kaa nikueleze."

Nikamweleza yote, tangu Kofia aliponiita. Nilipofika pale daktari alipokuwa anaandika karatasi ya dawa ya kupaka, sauti ilinikatika. Mama mkwe alisimamisha kijiti.

"Akasema ukweli," alimalizia yeye. "Ndiyo maana mnaniona hapa."